Nguchiro na Hesabu ya Wasomaji

Wanyama walikuwa na maktaba mbili, moja ya Ngedere na nyingine ya Nguchiro. Siku moja Nyati, mkuu wao, akatangaza: "Nileteeni idadi ya wasomaji wa mwezi huu. Atakayesema kweli atapata vitabu vipya. Atakayedanganya, naifunga maktaba yake."

Ngedere aliandika mia tisa bila kuinuka kitini. Nguchiro alikaa mlangoni mwezi mzima, akaandika arobaini na mmoja.

"Utaumbuka, dada," Ngedere alimcheka. "Ongeza sifuri hapo!"

"Siongezi hata mmoja."

Nyati akamtuma Mbwa kukagua. Mbwa hakutazama karatasi zao, alinusa vitabu. Kwa Ngedere vyote vilinuka gundi na karatasi mpya. Kilichonuka ngedere kilikuwa daftari la hesabu peke yake. Maktaba ikafungwa siku hiyohiyo.

Kwa Nguchiro, Mbwa alinusa kitabu kimoja kimoja, kisha akakunja uso. "Hapa wamesoma arobaini na wawili. Umedanganya!"

Nguchiro hakurudi nyuma. "Wa arobaini na mbili ni mimi, Bwana Mkaguzi. Husoma nikishafunga mlango. Niliambiwa nihesabu wasomaji, sikuambiwa nijihesabu."

Mbwa akamnusa mkono, akatikisa mkia. Vitabu vipya vikaletwa.

Kesho yake Ngedere akabisha hodi. "Dada, niandike na mimi. Hata mara kumi!"

"Ingia usome kwanza," Nguchiro akamjibu. "Ukitoka nitakuandika mara moja."