Ubao Mtupu

Ubao ulikuwa mtupu tena, na mkaguzi alishaketi nyuma ya darasa.

Asubuhi ile mwalimu mkuu alikuwa amemwambia mwalimu wa sayansi waziwazi: "Dada yangu, nimekutetea mpaka nimechoka. Wazazi wanasema huwaandikii watoto notisi ubaoni. Mkaguzi akisema hufai, leo ndiyo mwisho wako hapa."

"Nimesikia, mkuu," alijibu. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, na mtoto hawakujaliwa. Alichobakiwa nacho ni darasa lile tu.

Zamani hati yake ilisifiwa shule nzima. Aliwahi kuchora moyo ubaoni, mchoro ukakaa wiki nzima kwa kukosa mtu mwenye roho ya kuufuta. Siku hizi chaki hakuigusa, na kiranja ndiye aliyembebea mkoba mpaka darasani. Walimu wenzake walimtania kwamba uzee umekuja na uvivu wake. Alicheka nao, kisha akaenda kulia chooni.

"Kunjeni karatasi katikati," aliwaambia wanafunzi. "Kushoto swali, kulia jibu, kwa maneno yenu, siyo ya kitabu. Mkimaliza funikeni majibu, muulizane. Swali likikushinda, litie nyota. Marudio ya kesho yanaanzia kwenye nyota."

Darasa likawa soko. Mwalimu alipita taratibu katikati ya madawati, kichwa amekiinamisha, kiganja kikigusa dawati hili na lile. Akasimama kwa msichana mmoja aliyekuwa akimjibu mwenzake.

"Hiyo umekariri, mwanangu. Haya, kwa nini ukuta wa kushoto wa moyo ni mnene?"

"Kwa sababu... unasukuma damu mwili mzima, mwalimu. Wa kulia unaipeleka mapafuni tu, hapo jirani."

"Hapo jirani! Andika hivyohivyo."

Wenzake wakaangua kicheko. Mkaguzi aliacha kuandika, akaanza kuuliza mwenyewe. Wa kwanza alijibu. Wa pili akajibu. Wa tatu alijikuna kichwa, akasema, "Hilo nimelitia nyota, mzee. Niulize kesho."

Kengele ilipolia, mkaguzi alikwenda mbele, uso umemchangamka.

"Mwalimu, nimechoka kukagua watoto wanaokariri kama kasuku. Hawa wanaelewa. Nitaandika kwamba uendelee, na wengine waje wajifunze kwako. Wazo hili ulilipata wapi?"

"Shida, bwana mkaguzi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Shida humfundisha mtu."

Mkaguzi akamnyooshea mkono kumpongeza. Mkono ukabaki hewani. Tabasamu likaanza kumfifia.

"Mwalimu," kiranja akamnong'oneza, "amekunyooshea mkono. Kulia kwako kidogo."