Bwana Mhuri Anajiandaa kwa Usaili

Bwana Mhuri alibonyeza herufi ya kwanza ya nywila na kompyuta ikanyamaza. Akabonyeza ya pili. Hakuna kilichotokea kwenye kioo, hata nukta. Akaandika nywila nzima, akaifuta, akaiandika upya kwa kidole kimoja huku akitaja kila herufi kwa sauti.

"Shemeji! Kibodi yako imekufa!"

Shemeji yake, dada wa mkewe, aliacha mashine ya kurudufu ikiendelea kutema karatasi, akaja kuchungulia. Duka la kuchapa lilikuwa lake, na kompyuta ile ndogo ilikuwa yake pia.

"Haijafa. Kwenye Linux, nywila haionekani ukiiandika hapo. Andika, kisha bonyeza Enter."

"Sasa nitajuaje kama nimeandika?"

"Kwa imani, shemeji. Si unasali kila siku? Basi ni hivyo hivyo."

Kioo cha kompyuta hiyo hakikuzidi daftari la shule, na nguvu zake zilikuwa za kuomba. Enzi za Windows ungeiwasha, ukaenda kuoga, ukarudi na kuikuta bado inakukaribisha. Shemeji akaifuta, akaiwekea Linux, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta, kutoka kwenye flashi, na sasa iliwaka kabla hujakaa vizuri kitini. Mashine ilikuwa imeshapona. Aliyebaki mgonjwa ni Bwana Mhuri.

Jina hilo walimpa ofisini, kwa kuwa kwa miaka ishirini na miwili hakuna karatasi iliyotoka pale bila yeye kuigonga mhuri. Mwezi uliopita ilizungushwa fomu iliyouliza nani ana ujuzi wa Linux. Wenzake waliandika "sina", wakarudi kwenye chai yao. Yeye aliona kuandika "sina" ni aibu kwa mtu wa umri wake, akaandika "wa kutosha". Siku kumi baadaye ikaja barua: afike Jumanne, saa tatu kamili asubuhi, kwenye usaili wa msimamizi wa kompyuta zote za ofisi. Mkurugenzi mwenyewe angekuwepo. Mdomo ulikuwa umeponza kichwa.

"Nikiumbuka mbele ya mkurugenzi, nimekwisha," alimwambia mkewe. "Watanipeleka stoo nikahesabu viti vibovu hadi nistaafu."

"Si useme ukweli tu, Baba Watoto?"

"Ukweli gani tena, na sahihi yangu iko kwenye fomu?"

Mke akacheka hadi akashika ubavu. "Maji umeyavulia nguo. Yaoge."

Basi akaoga. Kila jioni alikwenda dukani kwa shemeji, akavua koti na kusulubika. Alitafuta faili lake kwa saa nzima kumbe alikuwa ameanza jina kwa herufi kubwa, na Linux haisamehe: kwake "Barua" na "barua" ni watu wawili wasiojuana. Alitafuta diski C, ambayo Linux haina, hadi akamshuku shemeji kwamba ameiuza. Alifuta kwa amri moja kila alichokuwa ameandika tangu Jumatatu, na amri haikumwuliza hata kama ana uhakika.

"Huko ofisini hata kutupa bahasha tunajaza fomu!" alifoka.

"Ndiyo maana mko hivyo mlivyo," shemeji akajibu, akimhudumia mteja.

Siku ya tano alipata ufunuo. Shemeji alikuwa amemwagiza asasishe programu, na mistari ya maandishi ikaanza kukimbia kwenye dirisha jeusi, mamia kwa mamia. Bwana Mhuri hakuelewa hata mmoja. Akakunja uso tu, akashika kidevu. Mteja aliyekuja kurudufu cheti akasimama nyuma yake, akashusha sauti.

"Samahani mtaalamu, sikutaka kukusumbua."

Bwana Mhuri aliitikia kwa kichwa polepole. Tangu hapo alijifunza kwa bidii mpya, ingawa shemeji alikuwa na mashaka.

"Hao vijana watakaokuja Jumanne wanaijua Linux kuliko wewe."

"Najua."

"Na ukikutana na jambo usilolijua?"

"Nitasema, 'Hilo tutalirudia.'"

Shemeji alimtazama kwa huruma ya kweli. Alimpenda mtu huyu, pamoja na ujinga wake. Akamwandikia amri sita kwenye kikaratasi na kumwambia azikariri, nyingine amwachie Mungu.

Jumanne Bwana Mhuri hakuweza hata kumaliza chai. Shati lilikuwa limemlowa mgongoni alipofika kwenye korido. Vijana kumi na mmoja walikuwa wameketi kwenye benchi, wamekumbatia bahasha zao. Binti mmoja alimwamkia, akasogeza mkoba wake ili apite. Alimwitikia kwa shida, akijua kwamba yeyote kati yao angeweza kummaliza kwa swali moja.

Mlango ukafunguliwa. Jina lake likaitwa kwanza.

Ndani, mkurugenzi alikuwa ameshakaa. "Karibu. Uko tayari?"

"Niko tayari," alisema.

"Basi tusipoteze muda." Mkurugenzi akavuta kiti kilichokuwa kando yake, akamsogezea rundo la maombi ya kazi. "Wote hawa ni wako kuwasaili, mwenyekiti."

Binti wa kwenye korido akaingizwa, akaketi kwenye kiti cha peke yake, mikono magotini. Bwana Mhuri alipekua faili lake ukurasa baada ya ukurasa bila haraka, akaguna.

"Miaka minne tu ya Linux? Binti yangu, hapa hatutafuti watu wanaojifunza."