Jirani Anayesali Kabla ya Kula

Tangu Obedi azikwe, hakuna jirani aliyemwita tena mama yake Mama Obedi. Walimwita Salome, wakiogopa kumtonesha. Yeye naye aliacha kwenda kanisani, na hakuna aliyemuuliza.

Mchana mmoja Felista wa nyumba ya pili alimletea viazi vitamu, wakaketi jikoni kula pamoja. Felista akafumba macho, midomo ikamcheza kidogo, kisha akachukua kiazi na kuanza kukimenya.

"Umemwambia nini?" Salome akauliza.

"Nimeshukuru chakula. Halafu nimemtaja Obedi, kama kila siku."

Salome akachukua kiazi, akakigeuzageuza mkononi.

"Mimi nimemkasirikia Mungu, Felista. Siwezi kusema naye."

"Najua, dada yangu. Hata hilo nimeshamwambia."

Salome akakirudisha kiazi chake kwenye sahani.

"Mtaje tena mwanangu," akasema. "Kwa sauti, na mimi nisikie."

Felista akanyoosha mkono juu ya meza. Salome akaushika, lakini hakufumba macho. Aliitazama midomo ya jirani yake, kama mtu anayengoja mgeni apige hodi.