Kiambishi Kisichoandikwa Kitabuni

Mlango wa chumba cha kusikilizia ulifungwa kwa nje, kama kawaida, na mlinzi akaondoka na ufunguo. Ndivyo kanuni ilivyotaka. Mpima lugha hatoki mpaka atoe jibu, asije akakutana na mwombaji wa hifadhi kwenye korido akaingiwa na huruma. Na ikigundulika wawili hao wanajuana, jibu linafutwa na mafaili yao yote mawili yanafunguliwa upya.

Kamusi, maana hilo ndilo jina alilopewa na wenzake kazini, alivaa vipokea sauti masikioni. Upande wa pili wa kioo alikaa mwanamke wa makamo, mkoba mapajani. Mwanamke huyo hakuweza kumwona Kamusi wala mkuu wa kitengo aliyeketi kando yake. Kwake kilikuwa kioo cha kujitazamia tu.

"Anadai ni wa kwenu, bondeni," alisema mkuu wa kitengo, mama mcheshi aliyezoea kusoma mafaili huku akitafuna kalamu. "Ndugu hai: mmoja, hajulikani aliko. Ukisema muongo, kesho saa sita mchana yumo kwenye basi la mpakani. Na huko wanaomsubiri si watu wazuri hata kidogo."

Kamusi aliitikia kwa kichwa. Miaka kumi na mmoja iliyopita alikaa yeye kwenye kiti kile. Hakupatikana mtu wa kumpima, kwani lugha yake haikuwa imewahi kuandikwa popote. Profesa mmoja alimrekodi miezi mitatu, akatoka na furaha ya mtu aliyeokota lulu. Zipo lugha zinazopanga viambishi nyuma ya neno, kama Kituruki, profesa alieleza kwenye mikutano. Zipo zinazopachika hata katikati ya shina, kama Kitagalogi. Lakini hii inabandika mbele, nyuma na katikati kwa mpigo, utadhani mtoto kaachiwa gundi!

Kamusi akapata karatasi, akapata kazi, akaandika kitabu cha sarufi cha kurasa mia moja na kumi na mbili. Tangu hapo kila neno alilolitamka ilibidi alikumbuke maisha yake yote. Wakati mwingine alitamani kitabu kiungue.

Walikuja waombaji watatu waliodai lugha hiyo. Wote walikuwa wamekariri kitabu, na wote walirudishwa kwa sahihi yake. Kila mara alifika nyumbani akashindwa kula, mkewe akadhani ni vidonda vya tumbo. Mtego wenyewe ulikuwa rahisi, na mkuu aliujua: kiambishi tamati kimoja, -shu, hakikuandikwa kitabuni. Hubandikwa unapozungumza na mtu mwenye hofu. Aliyekariri hakijui.

Kule ng'ambo ya kioo, mhoji aliyekaa na mwanamke alianza kuonyesha picha. Nyumba. Nyumba nyingi. Nyumba yangu. Mbwa anakimbia, mbwa alikimbia jana. Mwanamke alijibu polepole, na viambishi vikakaa mahali pake, kimoja kimoja, bila kosa.

"Huyu naye amemeza kitabu," alinong'ona Kamusi. Jasho lilimtoka. Alimchukia yule mwanamke kwa kukariri vizuri namna ile, akajichukia yeye mwenyewe zaidi.

Mkuu alikuwa ameshafungua kidau cha muhuri mwekundu.

"Una la kuongeza?" mhoji aliuliza.

Mwanamke aliinua uso. Akakikazia macho kioo, akasema maneno mawili kwa sauti ya chini, ile ya kumbembelezea mtoto. La pili liliishia na -shu.

Kamusi alishika ukingo wa meza.

"Kasemaje?" mkuu aliuliza.

"Amesema... 'Baba amelala.'"

"Baba gani tena?"

"Ndivyo tunavyotulizana kwetu. Ni kama kusema usiogope. Andika ni ya kwake. Hakujifunzia kitabuni."

Mkuu aliuacha muhuri mwekundu, akachukua wa kijani, akaugonga kwa furaha. "Haya, umepata mwenzako! Miaka yote hiyo unaongea peke yako! Unamjua?"

"Simjui."

"Basi nimwite mlinzi afungue, ukamsalimie japo mara moja?"

"Hapana, mama. Kanuni hairuhusu. Nitasubiri aondoke."

Alitaka kugonga kile kioo kwa ngumi zote mbili. Alitaka kulia kwa sauti. Badala yake alikaa palepale, mikono mapajani, akamtazama yule mwanamke akifunga zipu ya mkoba, akikiweka sawa kitambaa kichwani, akiongozwa nje na mhoji, mpaka kiti kikabaki kitupu.

"Fomu hizi nazo," mkuu alinung'unika, kalamu mdomoni. "Idadi ya wasemaji, lugha ilipokuwa hai. Tuweke ngapi?"

"Mia nne," alijibu Kamusi. "Kama ilivyo kitabuni."

Walikuwa wawili: yeye wa miaka tisa na dada yake wa miaka sita, chini ya kitanda, wakibandika vipande mbele na nyuma ya maneno ili baba akirudi amelewa asielewe wanachonong'onezana.