Ukili wa Bi Mize

Bi Mize aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, kitu cha kwanza kukiulizia kilikuwa ukili wake, mkanda wake wa majani ya kusukwa. Tangu utotoni, kama watu wote mjini, alisuka upana wa kidole kila siku kwa jani moja la ukindu ambalo serikali humkabidhi kila mtu mkononi. Asiyesuka huhesabiwa amekufa.

Mumewe, Makame, akamletea. Haukukatika hata siku moja, ila sehemu ya siku arobaini za mwisho ilikuwa imelegea na kupindapinda. Makame hakuwahi kujua kukaza.

“Aliyelala hajitambui hapewi jani,” alisema, akikoroga uji. “Nikakusukia kwa langu.”

“Na wako je?”

“Wangu utangoja.”

Bi Mize akaupapasa ukili ule mbovu, machozi yakimlengalenga. Hakuwahi kuona kitu kizuri kama hicho.

Hodi ikapigwa. Mgawaji wa majani wa serikali akaingia na jani moja.

“Shikamoo, Bi Mize. Pole kwa kufiwa na mume.”

“Karibu uji, mwanangu,” Makame akasema.

Mgawaji hakugeuka.

“Marahaba. Ahsante,” Bi Mize akajibu, akapokea jani lake. Mlango ulipofungwa, akalipasua katikati kwa ukucha.

“Sogea hapa,” akamwambia mumewe, akimpa nusu. “Na leo ukaze.”