Uso wa Nannina

Fundi wa vioo alimaliza kuchora nyusi kwenye kioo, akaweka brashi chini. Mtakatifu Lusia wa dirisha la kanisa sasa alikuwa na uso wa Nannina, binti yake, aliyezikwa kwa tauni siku kumi zilizopita. Nannina hakuwahi kuchorwa mahali pengine popote.

Mkewe aliingia na mkate. "Kula, Baba Nannina. Au unataka nikuzike na wewe?"

Kisha akakiona kioo.

"Ndiye," alisema polepole. "Hata kidoti chake cha shavuni."

Fundi akageuka kuchochea tanuri. Kabla haijapita motoni, rangi ile ni vumbi tu lililoshikizwa na siki, lakini hakukumbuka kumwambia mkewe.

Alipogeuka tena, mkewe alikuwa amelaza shavu lililolowa machozi juu ya kioo, akikibusu. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa mweusi toka shavuni hadi midomoni. Kioo kilikuwa kitupu.

"Usilie, mke wangu." Fundi alishika brashi. "Namchora tena sasa hivi. Kidoti kilikuwa kwenye shavu la kulia au la kushoto?"

Mkewe aliweka kidole kwenye shavu lake la kulia, akakihamishia la kushoto, kisha akakirudisha la kulia.