Jicho la Kilomita ya Kumi na Nne

Delfina Tejerizo aliipita nguzo ya kilomita ya kumi na nne mara ya kumi na mbili asubuhi hiyo, akageuza baiskeli kwenye changarawe, akaipita tena. Mara ya kumi na tatu. Kwenye nguzo kulikuwa na jicho dogo jeusi lililohesabu kila mpanda baiskeli, bila kuuliza ni nani wala kama alikwisha kupita.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na tandiko la baiskeli lilikuwa limemtesa kiasi kwamba siku hizi hata chakula alikula amesimama.

"Unatwanga maji kwenye kinu, binti!" Mzee Evelio, jirani yake, alimpigia kelele kutoka dirishani. "Ukikamatwa je?"

"Nitasema nimesahau mkoba nyumbani."

"Mara kumi na tatu?"

"Uzee, Mzee Evelio. Tunasahau."

Treni ya mwisho ilipita kijiji cha Villarmela miaka arobaini nyuma. Reli ziling'olewa, pakamwagwa changarawe, ikawa njia ya baiskeli: hakuna gari, hakuna pikipiki, ni ngano kulia, ngano kushoto, na handaki moja lenye popo. Delfina aliigeuza stesheni kuwa baa. Kijijini walikuwa wamebaki watu thelathini na saba, na pasipo baa hiyo wangekuwa wanaonana mazishini tu.

Kisha mkoa ukaleta barua. Njia yoyote itakayokosa wapitaji elfu sita kufikia mwisho wa Septemba, haitatunzwa tena, na handaki lake litafungwa kwa lango la chuma. Delfina aliisoma mara mbili, akaikunja. Handaki likifungwa, njia imekufa. Njia ikifa, baa nayo kwaheri. Ndiyo maana tangu Machi, kila alfajiri kabla ya kufungua, alikuwa akienda na kurudi mbele ya nguzo kama mtu aliyeangusha ufunguo.

Mkaguzi aliyekuja kila mwisho wa mwezi kusoma hesabu za jicho aliitwa Requejo. Alikuwa mtu mkavu, tai shingoni hata kwenye jua la Agosti, na Delfina alimwogopa kama mtoto anavyomwogopa mwalimu wa hesabu. Mwezi huo alifika na gari la mkoa, akafungua kisanduku cha nguzo, akaandika, akaingia baa. Delfina alimvutia kiti. Alishukuru, akanywa kahawa yake wima.

"Elfu tano mia mbili na kumi," alisema, mara ya kwanza kumtajia hesabu.

Kidogo kikombe kimponyoke Delfina. Hesabu yake mwenyewe, aliyoichora kwa chaki nyuma ya friji, ilikuwa elfu mbili na mia tatu.

"Una hakika, Bwana Requejo?"

"Mashine haina sababu ya kudanganya, Bi Delfina." Hakutabasamu. "Jumatatu ndizo zinazotisha. Jumatatu njia inafurika."

Jumatatu! Siku hiyo basi la soko, la pekee kwa juma, lilizoa kijiji kizima asubuhi na kukirudisha jioni.

"Ofisini kwenu watafurahi," Delfina alisema, ilimradi aseme neno.

"Ofisini tulikuwa wanne. Siku hizi ni mimi na ile mashine ya kahawa." Requejo alifuta mdomo. "Halafu mtafuteni mtu azibe lile shimo la upande wa pili wa handaki. Linavunja mgongo."

Gari lake lilipopotea, Delfina alimkimbilia Evelio na aproni yake.

"Karibu elfu tatu, Mzee Evelio! Watu kweli!"

"Na hawashikwi na kiu, hao watu kweli?"

"Wanashikwa! Ila sisi tuko sokoni tunabishania vitunguu. Watu wanapita na midomo yao mikavu, wanakuta kufuli!"

Jioni ile alijionea haya. Miezi sita ya udanganyifu, na kumbe njia ilikuwa inaishi vizuri bila yeye. Aliifuta chaki ya nyuma ya friji kwa kitambaa chenye maji, akaitundika baiskeli ukutani, akaapa kwamba wateja wake atawangoja kama mtu mwaminifu.

Jumatatu iliyofuata basi liliondoka bila yeye. Evelio alimpungia mkono dirishani, akitikisa kichwa. Kijiji kikawa kimya hadi ukasikia nyuki. Delfina alipika tortilla nne za viazi na mayai, akapoza bia, akapanga meza nje, akavaa hereni.

Ilipogonga saa nne, akiwa jikoni anakata mkate, aliisikia changarawe ikilia chini ya matairi. Mmoja. Kisu kikasimama. Kisha mwingine, kutoka upande wa pili. Wa tatu. Wa nne. Aliendelea kukata na kuhesabu, kamasi na machozi vikimchuruzika kwa furaha, tena hakuna hata kitunguu cha kusingizia. Alipofika ishirini na moja ndipo alipogutuka: hakuna hata mmoja aliyesimama.

"Maskini," alijisemea. "Wamezoea kukuta pamefungwa."

Akatwaa sahani ya tortilla kwa mikono miwili, akasukuma mlango kwa bega, akatoka mbio kuwaita.

Njia ilikuwa tupu pande zote mbili. Mbele ya nguzo tu palikuwa na mwanamume mmoja mwenye kaptura ya kubana, uso umemwiva kwa jua, akihangaika kuigeuza baiskeli yake kwenye changarawe. Alimwona Delfina. Akashusha mguu mmoja chini, kisha, polepole, akavua kofia.

"Bi Delfina," alisema mkaguzi Requejo, akihema. "Leo hukwenda sokoni?"